Mkutano wa mwaka wa ALA kwa anayetaka kuwa mkutubi wa watoto: nini kinastahili nauli yako

Mwisho wa Juni kila mwaka, Chama cha Maktaba cha Marekani, ambacho watu wa kazi hii wanakiita ALA, hufanya mkutano wake mkubwa. Chama kilianzishwa Philadelphia mwaka 1876. Mwaka 2025 mkutano ulikuwa Philadelphia, tarehe 26 hadi 30 Juni, na ule wa 2026, wa kutimiza miaka 150, ni wa Chicago, tarehe 25 hadi 29 Juni. Huja watu zaidi ya elfu kumi: wakutubi wa vyuo, wa shule na wa mitaa, wachapishaji, wauza rafu, waandishi, wachoraji. Katikati ya umati huo yumo mwanafunzi wa ukutubi anayetaka kufanya kazi na watoto, na yumo msaidizi wa dawati la kuazimisha anayetaka kuhamia chumba cha watoto. Tathmini hii ni yao, wakiwemo wasemaji wa Kiswahili wanaosomea kazi hii Marekani na Kanada.

Tuseme mapema: mkutano huu una faida kwa anayeanza, ila faida yenyewe haiko pale inapotangazwa. Mabango yanakuita kwa majina ya wasemaji mashuhuri na picha za watu waliobeba mikoba iliyojaa vitabu vya bure. Msemaji mashuhuri utamwona kwa mbali, na vitabu vya bure ni mzigo kwa asiyejua anatafuta nini. Kinachostahili nauli ni vyumba vidogo ambamo watu wanabishana juu ya kitabu kimoja cha watoto hadi koo zinakauka, na viti viwili vinavyoelekeana ambapo mkutubi mzoefu anaisoma CV yako akiwa na kalamu mkononi.

Tuanze na tiketi, maana hapo ndipo watu wanapoteza hela kabla hata ya kufunga begi. Kuna usajili kamili, unaokuingiza kwenye semina, hotuba kuu na ukumbi wa maonyesho. Halafu kuna tiketi ya ukumbi wa maonyesho peke yake, ambayo bei yake ni sehemu ndogo tu ya ile ya kwanza. Wengi wanaidharau hii ya pili wakidhani ni ya kuzungukia meza tu. Sivyo. Ndani ya ukumbi kuna majukwaa ambako waandishi na wachoraji huzungumza siku nzima, na kuna jukwaa liitwalo Book Buzz Theater ambako wachapishaji hupokezana kueleza vitabu vya msimu unaokuja. Yote hayo yamo kwenye tiketi ya bei ndogo. Anayeishi mji wa mkutano, au mwendo wa basi kutoka hapo, na akawa na siku moja tu ya kutoka kazini, achukue hiyo na aje Jumamosi.

Anayetaka usajili kamili aanze na uanachama. Bei ya mwanachama na ya asiye mwanachama zimeachana mbali, na ada ya uanachama wa mwanafunzi ni ndogo kiasi kwamba tofauti hiyo mara nyingi inaifidia. Utaratibu ni huu: jiunge na ALA kwa daraja la mwanafunzi, ongeza ALSC, ambacho ndicho kitengo cha huduma kwa watoto, subiri namba ya uanachama ifike kwenye barua pepe, ndipo ufungue ukurasa wa kujisajili. Ukianza mwisho ukaja mwanzo, mfumo unakutambua kama mgeni na unakutoza bei ya mgeni, na kuidai tofauti baadaye ni kazi nyingine. Bei hupanda kwa ngazi kadiri tarehe inavyokaribia, na ya mlangoni ndiyo kali kuliko zote.

Chumba cha hoteli chukua kupitia ukurasa huohuo wa usajili, siku ileile. Hoteli nyingi za mkutano huwa na mabasi ya kwenda na kurudi ukumbini, na ukilala nje ya orodha hiyo unajitafutia usafiri mwenyewe asubuhi na usiku. Mtu akikupigia simu akasema ni ofisi ya malazi ya mkutano na anataka namba ya kadi yako ya benki, mkatie. Huo ni utapeli wa kawaida kwenye mikutano mikubwa, na wanaoumia zaidi ni wageni.

Upande wa ufadhili, kosa ni moja na linajirudia: watu wanautafuta Mei, wakati milango ilifungwa miezi mingi nyuma. Spectrum ni ufadhili wa masomo ulioanzishwa 1997 kwa wanafunzi wa jamii zisizo na uwakilishi wa kutosha katika ukutubi, wakiwemo Weusi. Sharti lake ni uraia au ukaazi wa kudumu wa Marekani au Kanada, na wanaoupata hukutanishwa kwenye mafunzo ya uongozi yanayoambatana na mkutano huu. Kuna mpango wa Student-to-Staff, ambao wanafunzi wanafanya kazi kwa saa kadhaa kila siku, dawati la habari au chumba cha waandishi wa habari, na kwa malipo yake wanapata usajili, malazi na posho ya chakula. Huo unapita kwenye tawi la wanafunzi wa ALA la chuo chako, kwa hiyo mtu wa kumwona ni mlezi wa tawi, mwanzoni mwa mwaka wa masomo. ALSC nayo, kwa hela ya kampuni ya uchapishaji ya Penguin, imekuwa ikiwapa hadi wakutubi 4 wa watoto dola 600 kila mmoja waende mkutano huu kwa mara ya kwanza. Sharti uwe tayari kazini, na usiwe umezidi miaka 10. Dola 600 hazimalizi gharama, lakini barua ya kushinda ni silaha nzuri ya kumwomba mwajiri amalizie.

Sasa ukumbi wa maonyesho. Saa zote tunazotaja hapa ni za Kiswahili. Kwa kawaida hufunguliwa Ijumaa saa kumi na moja na nusu jioni, Jumamosi na Jumapili ni saa tatu asubuhi hadi saa kumi na moja, na Jumatatu hufungwa saa nane mchana. Ijumaa jioni ni msukumano. Watu wanaingia kwa kasi, wanajaza mikoba bila kusoma jalada, na kufikia saa moja wengine wameketi sakafuni wakichambua walichobeba. Usiende Ijumaa kutafuta vitabu. Nenda ukapime ramani: wachapishaji wa watoto wako safu zipi, wadogo wako pembe ipi, choo kiko wapi, maji yako wapi.

Vitabu vya bure viko vya namna mbili, na anayeanza lazima azitofautishe. Ya kwanza ni nakala za awali: kitabu kizima chenye jalada laini, kilichochapwa miezi kadhaa kabla ya kile halisi kutoka, mara nyingi kikiwa bado hakijasahihishwa. Nyuma yake pameandikwa tarehe ya kutoka, bei na umri wa msomaji. Ya pili ni ya vitabu vya picha: karatasi zilizochapwa kwa rangi kamili, zimekunjwa na kupangwa, lakini hazikushonwa wala kugundishwa. Watu wa kazi wanaziita F&G. Ukiishika kwa uti wa kitabu, kurasa zinamwagika kama karata. Hazifai kuazimishwa. Zinafaa kitu kimoja, nacho ni kikubwa: kuzitandaza mezani na kuona kitabu kizima kwa mkupuo, mwanga unavyohama kutoka ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, na mchoraji anavyokuandaa kabla hujafunua ukurasa. Hakuna darasa linalofundisha kusoma picha kwa haraka namna hiyo.

Namna zote mbili si za kuuzwa, wala haziingizwi kwenye orodha ya maktaba. Unaweza kumpa mtoto wa klabu ya usomaji akakupa maoni yake, basi. Na kabla ya kuokota chochote, uliza. Vingine mezani ni vya maonyesho, na wafanyakazi wa banda huchoka kuwakimbiza watu.

Piga hesabu ya uzito kabla ya kubeba. Kitabu cha picha chenye jalada gumu kina gramu 400 hadi 500. Ishirini ni kilo 8 hadi 10. Begi la magurudumu halikubaliwi ndani ya ukumbi, kwa usalama wa miguu ya watu, kwa hiyo kila kilo iko begani mwako, juu ya zulia jembamba lililotandikwa kwenye saruji. Wanaojua wanajiwekea ukomo: vitabu 15 kwa mkutano mzima, kila kimoja kikiwa na sababu. Ukizidiwa, tuma kwa posta. Posta ya Marekani ina bei nafuu ya vitabu iitwayo Media Mail, ya ndani ya nchi tu, hadi ratili 70 kwa boksi. Humo weka vitabu peke yake. Ukichanganya na fulana, mabango na mwanasesere uliyepewa bandani, posta ina haki ya kufungua boksi na kukutoza bei ya kawaida.

Kitu cha thamani kwenye mabanda si vitabu, ni watu wa idara ya shule na maktaba. Karibu kila mchapishaji mkubwa wa watoto ana watu wa idara hiyo, na kazi yao ni kuzungumza na wakutubi. Usiwaendee Jumamosi saa nne, foleni za kusainiwa vitabu zikiwa zimefika kwenye korido. Waendee Jumapili baada ya saa tisa, au Jumatatu asubuhi. Useme unasoma nini, unataka kufanya kazi na umri gani, kisha uulize swali lenye mpaka: mna nini cha mtoto wa miaka 6 anayeanza kusoma peke yake, chenye maneno machache kwa ukurasa, ambacho hakimdhalilishi akili? Swali la aina hiyo linamfanya aache hotuba ya matangazo na aingie nyuma ya pazia kukutolea kitu. Ukiuliza "kuna nini kizuri?", utapewa kile wanachompa kila mtu.

Jumatatu mabanda mengi huuza vitabu vya maonyesho kwa bei ya chini ili wasivirudishe. Wengine wanagawa. Hapo ndipo pa kununua vyenye jalada gumu, na hivyo vinaruhusiwa kuingia maktabani.

Pitia pia kwa wauza samani, ambako wanafunzi hawafiki kabisa. Simama mbele ya rafu ya watoto, uliza kimo, halafu chuchumaa. Rafu ya inchi 42, yaani kama sentimita 107, inamwezesha mtoto kufika juu, na inamwezesha mkutubi kuona chumba kizima akiwa dawatini. Ikipanda zaidi ya hapo unapoteza macho yako. Kiti cha mtoto wa miaka 4 kina kimo cha kama sentimita 30, na mzazi hakiwezi, kwa hiyo uliza benchi la kukalia wawili. Kwenye usaili wa kazi ya watoto swali la "ungepangaje chumba hiki?" huja mara nyingi, na ni wachache wanaojibu kwa vipimo.

Kwa msomaji wa Kiswahili kuna kazi moja zaidi. Maktaba nyingi za Marekani zinahudumia familia zilizotoka Kongo ambazo lugha yao ya nyumbani ni Kiswahili, na wauzaji wa vitabu vya lugha mbili wanalijua soko hilo. Ukiona kitabu kimeandikwa kina Kiswahili, usikisifu kwa sababu tu kipo. Fungua katikati, soma kwa sauti. Angalia upatanisho wa ngeli: "kitabu yangu" ni kauli ya watu katika mazungumzo ya Lubumbashi au Nairobi, lakini kwenye kitabu kinachodai kuwa Kiswahili sanifu ni dalili kwamba hapakuwa na mhariri. Angalia mama anavyomlaza mwanawe, kama anamwambia "lala salama" au kama anamtamkia sentensi ambayo hakuna mama aliyewahi kuitamka. Kipimo chepesi kuliko vyote ni kitabu cha alfabeti. Kile kilichotafsiriwa kwa pupa kitakuonyesha A pembeni ya picha ya tufaha, kwa kuwa kwa Kiingereza neno hilo linaanzia na A, na kitakuwa na kurasa za Q na X ambazo Kiswahili sanifu hakizihitaji. Waambie wenye banda, kwa heshima, ukiwa na ukurasa mkononi. Wengi wao hawana wa kuwasomea, na mtu anayewasahihishia bila kuwadharau hawamsahau.

Wala Kiswahili si mgeni katika ulimwengu huu. Caldecott, nishani ya vitabu vya picha iliyoanza kutolewa 1938, ilikipa heshima ya daraja la pili mwaka 1972 kitabu cha kuhesabu kwa Kiswahili cha Muriel Feelings na Tom Feelings, na mwaka 1975 kitabu chao cha alfabeti ya Kiswahili, chenye herufi 24 tu, kama inavyopaswa. Muriel alikuwa amefundisha Uganda. Mwanafunzi anayeyajua hayo ana la kusema kwenye foleni yoyote ya mkutano huu.

Nishani zenyewe zinawachanganya wageni. Newbery, iliyoanza 1922 kwa ajili ya matini, Caldecott na nyingine nyingi hutangazwa Januari. Juni ni sherehe ya kuzikabidhi na hotuba za washindi. Karamu ya Newbery na Caldecott huwa Jumapili usiku, tiketi yake inalipiwa juu ya usajili, na ni ghali kwa mwanafunzi. Kwa maoni yetu, mwenye hela ya tukio moja tu aipeleke kwenye kifungua kinywa cha tuzo za Coretta Scott King, Jumapili saa moja asubuhi. Tuzo hizi zilitolewa mara ya kwanza 1970 kwa waandishi Waamerika Weusi, wachoraji wakaongezwa baadaye, na chumba kile kina wakutubi waliopigania vitabu hivyo vifike rafuni kwa miaka mingi. Meza ni za watu kumi, unakaa popote penye nafasi, na mazungumzo ya mezani ni darasa. Asiye na hela kabisa aende kwenye utoaji wa tuzo nyingine za ALSC, kwa kawaida Jumatatu asubuhi: Batchelder ya vitabu vilivyotafsiriwa, Sibert ya vitabu vya maarifa, Geisel ya wanaoanza kusoma. Watu wamekwisha kuanza kuondoka, viti viko vya kutosha, na mchapishaji wa kitabu kilichotafsiriwa anaeleza jinsi alivyokipata. Ni saa mbili bora kuliko hotuba yoyote kuu.

Tufike kwenye kiini. Kamati za Newbery na Caldecott hufanya kazi nyuma ya mlango uliofungwa, na wajumbe hawaruhusiwi kusema kilichozungumzwa. Lakini kamati ya Notable Children's Books, inayotengeneza orodha ya mwaka ya vitabu bora vya watoto, mijadala yake ya vitabu iko wazi, iwe chumbani au mtandaoni. Mgeni anakaa nyuma, anasikiliza, hachangii. Orodha ya vitabu vitakavyojadiliwa hutolewa kabla. Chagua vitano hadi kumi, uvisome kabla ya kusafiri, vinginevyo utakuwa unasikiliza watu wakizungumza juu ya ndugu zao.

Sikiliza namna, si matokeo. Mijadala ya aina hii imejengwa juu ya miongozo iliyoandikwa kwenye kituo cha vitabu vya watoto cha Chuo Kikuu cha Wisconsin, Madison, ambayo sasa inatumika kote. Kitabu kinapimwa kwa kile kilicho, si kwa kile ambacho ulitamani kiwe. Mazuri husemwa kwanza, na watu wote waliopo, kabla ya mashaka. Mashaka yanaletwa kama swali: je, mwenzangu yeyote aliona kwamba picha ya ukurasa wa 14 inapingana na maneno? Hakuna kusimulia hadithi upya, kwa kuwa kila mtu amesoma. Hakuna "mimi nilipokuwa mdogo". Anayesoma haya anaona ni adabu tu. Akikaa saa mbili chumbani anaona kinachotokea: kitabu ambacho watu wawili walikuja wakikipenda kinaporomoka kwa swali moja tulivu juu ya ramani yenye makosa, na kingine, ambacho hakuna aliyekitaja, kinapanda kwa sababu mtu mmoja amefungua kurasa mbili akaonyesha jinsi kimya kilivyochorwa. Ustadi huo ndio utakaokufanya uchague vitabu 40 kati ya 400 kwa bajeti ya tawi dogo. Kama mkutano mzima ungebaki na kitu kimoja, tungeomba kibaki hiki.

Semina, kwa upande wao, zina kiwango cha kupanda na kushuka. Nyingi ni za saa moja, makumi zikiendeshwa kwa wakati mmoja, na Chicago ukumbi wa McCormick Place ni majengo manne yaliyounganishwa, kwa hiyo mwendo wa kutoka semina moja kwenda nyingine unaweza kula robo saa. Usipange mbili mfululizo kwenye majengo tofauti. Chumba kikijaa mlango hufungwa kwa sheria ya moto, hata kama umebeba usajili kamili, kwa hiyo fika dakika kumi kabla na uwe na chaguo la pili karibu. Chagua zenye alama ya ALSC na zinazotaja umri wa watoto, idadi ya vikao na kilichoshindikana. Kichwa cha semina kikiwa na maneno makubwa ya ubunifu na mabadiliko bila kutaja mtoto hata mmoja, pita. Kipindi cha ALSC 101, kinapokuwepo kwenye ratiba, usikikose. Ni cha wapya, na hapo unajifunza namna ya kuomba nafasi kwenye kamati. Wengi hawajui kwamba kamati ndogo za ALSC hufanya kazi kwa mtandao na kwamba nafasi huombwa kwa fomu tu.

Upungufu mkubwa wa mkutano huu kwa mkutubi wa watoto ni kazi ya mikono yenyewe. Hutajifunza hapa kuendesha kipindi cha hadithi. Kumshikilia mtoto wa miezi 12 kwa dakika 20 kwa wimbo, vidole na kitabu kimoja kifupi, wa miaka 2 kwa vitabu viwili na kurukaruka katikati, wa miaka 4 kwa nusu saa yenye vitabu vitatu na swali la kutabiri: haya yanafundishwa kwa kuona na kurudia, na vyumba vya watu 300 haviyawezi. Anayetaka hayo aende kwenye taasisi ya kitaifa ya ALSC, mkutano mdogo wa huduma za watoto peke yake ambao umekuwa ukifanyika kila baada ya miaka miwili. Wa 2022 ulikuwa Kansas City na wa 2024 Denver. Kama una hela ya safari moja na tayari una kazi, nenda huko. Kama bado unatafuta kazi, ALA.

Sababu ni kituo cha ajira. Kiko karibu na ukumbi wa maonyesho au ndani yake, na kwa mwanafunzi ni huduma bora kuliko nyingine zote katika jengo. Wakutubi wanaojitolea wanasoma CV yako pamoja nawe, wanakufanyisha usaili wa majaribio, na kumekuwa na mpiga picha wa picha za kikazi bila malipo. Nafasi za kusomewa CV hujaa, weka miadi mapema. Njoo na nakala mbili zilizochapwa, moja ya kuchorwa, na tangazo la kazi halisi unayoitaka. Watu huja na CV peke yake wakisema "nataka kazi yoyote ya watoto", na msomaji hana cha kulinganisha nacho. Atakachokukata kwanza ni sentensi kama "nilisaidia vipindi vya watoto". Geuza iwe hesabu: vipindi 12, watoto 15 hadi 20, umri wa miaka 3 hadi 5, vitatu kati ya hivyo kwa Kiswahili na Kiingereza, kimoja ulipanga mwenyewe. Kama ulifundisha madrasa au shule ya Jumapili, iandike. Ni miaka ya kukaa mbele ya watoto wenye umri mchanganyiko, na waajiri wanajua uzito wake ukiwaeleza kwa namba. Usitarajie kuajiriwa palepale. Nafasi za watoto hutangazwa na maktaba za wilaya na miji kwa wakati wao.

Mambo ya tumbo yatuchukue sentensi chache. Chakula cha ndani ni ghali na si kizuri. Philadelphia wana bahati, soko la Reading Terminal, la tangu 1893, liko ng'ambo ya barabara. McCormick Place hakuna jirani wa namna hiyo, beba chapati zako. Beba chupa ya maji na sweta, kwa sababu viyoyozi havina huruma.

Anayetoka Dar es Salaam, Nairobi au Bujumbura aanze na viza kabla ya kulipa kitu kingine chochote. Omba barua ya mwaliko kwa waandaaji, angalia masharti ya uraia wako kwenye ukurasa wa ubalozi wiki ileile unayoomba, na uhesabu foleni ya usaili kwa miezi.

Ukirudi, panga vitabu kwa tarehe ya kutoka iliyo nyuma ya jalada, cha karibu juu, usome kwa mpangilio huo na umwandikie mchapishaji mistari minne kabla tarehe haijapita. Wale uliokaa nao mezani waandikie ndani ya wiki moja. Usiandike "nilifurahi kukutana nawe" peke yake. Taja kitabu mlichobishania na useme kama umebadili msimamo. Yule aliyekukosolea CV mtumie toleo jipya, mistari aliyoikata ikiwa imeandikwa upya.